Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lugha na Utumikaji wa Tovuti kwa Mfano wa Ziwa Chala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika kusanifu upya tovuti. Hoja kuu ni kwamba neno lililo juu ya kitufe si pambo linaloongezwa baada ya fundi wa kompyuta kumaliza kazi, bali ni sehemu ya kazi yenyewe; na kwamba ubora wa neno hilo hupimwa kwa tendo ambalo msomaji anafaulu kulitenda. Mfano unaotumika ni tovuti ya kubuni ya kikundi cha waongoza wageni katika Ziwa Chala, Kaunti ya Taita Taveta. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kuwa istilahi zipelekwe kwa watumiaji kabla ya kupelekwa kamusini.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia umekuwa mjadala wa istilahi. Chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Anwani ya mtandaoni iitwe tovuti au wavuti? Siri ya kumwingiza mtu katika akaunti yake iitwe nywila, neno siri au namba ya siri? Mjadala huo umezaa matunda. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili. Ni dhahiri kwamba dai la kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba teknolojia limekwisha kujibiwa.

Hata hivyo, kuna swali ambalo mjadala wa istilahi haukulijibu: je, mtu anayekutana na neno hilo kwenye skrini ya simu yake anajua afanye nini? Neno linaweza kuwa sahihi kisarufi, likawa na asili nzuri ya Kibantu au ya Kiarabu, likapitishwa na wataalamu, na bado likamwacha msomaji amesimama mlangoni asijue kama ameambiwa aingie au aondoke. Wenye nyumba watasema wageni hawaji. Kumbe wageni walikuja, wakabisha hodi, wakajibiwa kwa lugha wasiyoielewa, wakarudi walikotoka.

2.0 Istilahi na Msingi wa Nadharia

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa. Ya kwanza ni utumikaji. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, utumikaji wa chombo hupimwa kwa mambo matatu: kama mtumiaji anafikia lengo lake, kwa nguvu na muda kiasi gani, na anaridhika kwa kiwango gani. Ieleweke kwamba kiwango hicho hakiulizi kama chombo ni kizuri kwa jumla. Kinauliza: kizuri kwa nani, kwa kazi gani, na katika mazingira gani?

Istilahi ya pili ina mtego. Wafanyabiashara wa mtandaoni wana neno la Kiingereza wanalolitumia kwa tukio la mtembeleaji wa tovuti kugeuka kuwa mteja: kukata tikiti, kuweka nafasi au kupiga simu. Anayetafuta neno hilo katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili huenda akakutana na “uongofu”. Lakini anayenunua tikiti ya mashua hajaongoka, amenunua tikiti. Makala haya yanapendekeza neno utimizaji, kwa sababu mgeni alikuja na haja na haja hiyo imetimizwa. Kiwango cha utimizaji ni sehemu ya mia ya wageni waliotimiza haja yao: ikiwa wageni 200 wamefungua ukurasa na 6 wameweka nafasi, kiwango ni asilimia 3.

Mtego huo unaonyesha kuwa suala hili ni la tafsiri, na hivyo linaweza kuchunguzwa kwa nadharia za tafsiri. Inayofaa zaidi ni nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Mjerumani Hans Vermeer mwaka 1978. Kwa mtazamo wa Vermeer, tafsiri huongozwa kwanza na lengo ambalo matini mpya imekusudiwa kulitimiza katika utamaduni wa wapokeaji wake. Msimamo huo unakaribiana sana na kanuni za utumikaji zilizotolewa na Jakob Nielsen mwaka 1994. Kanuni ya pili kati ya kumi za Nielsen inataka mfumo uzungumze lugha ya mtumiaji, kwa maneno na dhana anazozifahamu yeye badala ya zile za mafundi. Mwanatafsiri na msanifu wa tovuti walianza safari katika vijiji tofauti, lakini wamekutana kisimani.

3.0 Chala na Wageni Wake

Ziwa Chala liko ndani ya kasoko ya volkano kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 4.2 na kina chake kinafikia mita 90 hivi. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji: upande mmoja ni Wadi ya Chala katika eneo la Taveta, upande wa pili ni Wilaya ya Rombo. Kuta za kasoko ni za mwinuko mkali, hivyo mtu asiyejua njia anaweza kufika karibu kabisa na ukingo bila kuyaona maji. Kwa sababu hiyo, mwongoza wageni hapa si anasa.

Ichukuliwe kwamba kikundi cha waongoza wageni wa Chala kina tovuti ya kurasa chache. Tovuti hiyo ni ya kubuni, lakini wageni wake si vigumu kuwatambua. Yupo mgeni kutoka Nairobi anayetaka kushuka katika stesheni ya Voi, kwenye reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, kisha afuate barabara ya Mwatate hadi Taveta. Yupo mwalimu wa Taita anayetafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wa jiografia. Yupo mgeni kutoka Moshi anayepitia Himo na Holili. Yupo pia mtafiti, kwani ziwa hili linajulikana sana katika sayansi ya hali ya hewa: mwaka 2016 mradi wa DeepCHALLA ulichimba mashapo ya chini yake yanayohifadhi kumbukumbu ya takriban miaka 250,000.

Huenda ikadaiwa kwamba wageni wa aina hii wote wanasoma Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni mapambo ya kizalendo tu. Dai hili lina kasoro mbili. Kwanza, linamsahau mgeni wa karibu: mzazi wa Mwatate, dereva wa Himo, mkulima wa Rombo. Pili, linamsahau mwenyeji. Tovuti ina sura mbili, ile inayoonwa na mgeni na ile inayotumiwa na mwenyeji kupokea maombi, kubadilisha bei na kujibu maswali. Mwenyeji asiyeweza kuitumia sura ya nyuma hawezi kuifanya ile ya mbele iseme kweli.

4.0 Pale Lugha Inapomzuia Mgeni

4.1 Jina la mahali

Tatizo la kwanza hutokea hata kabla ya mgeni kufika. Jina la ziwa huandikwa kwa namna mbili, Chala na Challa, na watafiti wengi wamezoea ile ya pili. Isitoshe, ipo Chala nyingine katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, Tanzania. Tovuti yenye tahajia moja tu huenda isionekane kwa anayetafuta kwa tahajia nyingine, na ukurasa usiotaja Taveta unaweza kumchanganya anayetafuta kijiji cha Rukwa. Sentensi moja ya mwanzo inatosha kuondoa utata huo: “Ziwa Chala, ambalo pia huandikwa Challa, liko Taveta, Kenya, mpakani na Rombo, Tanzania.”

4.2 Menyu na vitufe

Tatizo la pili ni tafsiri sisisi. Kiungo cha ukurasa wa kwanza mara nyingi huitwa “Nyumbani”. Kwa Mswahili, nyumbani ni kwake yeye, wala si kwa mwenye tovuti. Neno “Mwanzo” linafaa zaidi. Kiungo “Kuhusu” kikisimama peke yake ni kama mtu aliyekatizwa usemi, na msomaji hubaki akiuliza, kuhusu nini? “Sisi ni nani” ni jibu kamili.

Neno “Hifadhi” ni hatari zaidi, hasa katika Taita Taveta. Kitufe chenye neno hilo kinaweza kumaanisha kutunza maandishi yaliyojazwa, au kuweka nafasi ya safari, au kwenda kwenye ukurasa wa mbuga za wanyama, katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake iko ndani ya hifadhi za Tsavo. Lugha ya watu ina kauli ambayo imetumika kwa miaka mingi katika vituo vya basi: kukata tikiti. Kitufe kinachosema “Kata tikiti” hakihitaji maelezo.

Mfano mwingine ni wa mgeni anayetaka kuvunja safari. Ukurasa unamuuliza, “Je, ungependa kughairi?” kisha unampa vitufe viwili, “Ghairi” na “Sawa”. Akibofya “Ghairi”, amevunja safari au ameahirisha uamuzi wa kuivunja? Utata huu haukuletwa na msamiati mgumu, kwani kila neno lililopo linaeleweka. Umeletwa na kutofikiria mazungumzo. Vitufe vinavyosema “Vunja safari” na “Nitakuja” vinaumaliza.

Uzito wa jambo hili umethibitishwa kwingineko. Mwaka 2009 mtaalamu wa utumikaji Jared Spool alisimulia kisa cha duka kubwa la mtandaoni la Marekani lililowalazimisha wanunuzi kujisajili kabla ya kulipa. Wasanifu waliondoa kitufe cha kujisajili, wakaweka kingine cha “Endelea” pamoja na maelezo mafupi kwamba si lazima kufungua akaunti. Kwa mujibu wa Spool, wanunuzi waliokamilisha ununuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na mapato ya mwaka wa kwanza yakaongezeka kwa dola milioni 300. Bidhaa hazikubadilika wala bei haikupunguzwa. Kilichobadilika ni namna mwenye duka alivyomkaribisha mgeni.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Sababu za kufaulu kwake ni nyingi, lakini moja isiyopaswa kupuuzwa ni kwamba matendo yake yana majina ya kawaida: kutuma pesa, kutoa pesa. Hakuna mtumiaji aliyehitaji kuhudhuria warsha ya istilahi.

4.3 Saa, fedha na uzito wa ukurasa

Tatizo la tatu halionekani kwa urahisi kwa sababu linajificha katika tarakimu. Tovuti iliyotafsiriwa kwa mashine huandika “Safari huanza 8:00 asubuhi”. Anayehesabu saa kwa Kiswahili atajiuliza saa nane ya asubuhi ni ipi, maana kwake saa nane ni ya mchana au ya usiku wa manane. Kinyume chake, mwenyeji akiandika “saa 2:00” bila kusema asubuhi, mgeni aliyezoea saa za tiketi ya treni atakuja alasiri na kukuta wenzake wamekwisha kurudi. Njia salama ni kuandika zote mbili: “saa mbili asubuhi (08:00)”.

Vivyo hivyo kwa fedha. Chala ni mahali pa mpakani, na neno “shilingi” peke yake halitoshi. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi kumi za Tanzania. Kwa hivyo bei isiyotaja nchi inaweza kumfanya mgeni wa Rombo adhani ziara ni rahisi mno, kisha aaibike mbele ya mwongozaji. Aibu hiyo haitaonekana katika takwimu zozote za tovuti, lakini itasimuliwa kijijini.

Aidha, mgeni wengi wao hutumia simu na hulipia intaneti kwa kipimo. Picha kubwa ya ziwa inayopakuliwa kabla ya bei na njia kuonekana inamtoza mgeni fedha kabla hajapata jibu. Maneno machache yaliyo wazi hufika upesi kuliko picha, na hugharimu kidogo zaidi.

4.4 Upatanisho wa kisarufi

Tatizo la nne linawahusu wanaisimu moja kwa moja. Programu huunda sentensi kwa kupachika tarakimu katika nafasi iliyoachwa wazi, kama vile “Umeandikisha wageni 1”. Lugha yenye ngeli haikubali kuchezewa hivyo, kwani viambishi vya umoja na wingi hugusa nomino, kivumishi na kitenzi kwa pamoja. Fundi asiyejua Kiswahili atahitaji kanuni nyingi kuliko alivyokadiria. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kumpa suluhisho rahisi la kubadilisha muundo wa sentensi: “Idadi ya wageni: 1”. Tarakimu ikiwekwa mwishoni, baada ya nukta pacha, haidai upatanisho wowote. Huu ni ushauri wa sarufi, lakini umepunguza kazi ya kompyuta.

5.0 Kupima Neno kwa Tendo

Itajulikanaje kwamba “Kata tikiti” ni bora kuliko “Hifadhi nafasi”? Kampuni kubwa huonyesha nusu ya wageni neno moja na nusu nyingine neno la pili, kisha hulinganisha viwango vya utimizaji. Njia hiyo inahitaji wageni wengi. Kwa tovuti ndogo kama ya mfano huu, ikiwa wageni 100 walioona neno la kwanza wameleta maombi 3, na 100 walioona la pili wameleta 5, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Kujenga hoja juu yake ni kujenga juu ya mchanga.

Njia inayofaa ni kuketi na watu. Mwaka 2000 Nielsen alieleza kwamba, kwa makadirio yake, jaribio la watumiaji watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumikaji, na kwamba ni heri kufanya majaribio madogo kadhaa kuliko moja kubwa. Kwa Chala, watano hao wanaweza kuwa mwalimu wa Voi, mwendesha bodaboda wa Taveta, muuza ndizi wa sokoni, mwanafunzi wa chuo na mkazi wa Rombo. Kila mmoja apewe simu na kazi: “Tafuta bei ya watu wanne, kisha weka nafasi ya Jumamosi.” Asiambiwe abofye wapi. Aombwe aseme kwa sauti anachofikiri, na mtafiti anyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu. Mtaalamu wa lugha akimwona mtu amekwama mbele ya neno alilolipenda, hutamani kumweleza asili yake. Lakini tovuti haina mtaalamu wa kusimama kando ya kila mgeni. Neno lililohitaji kuelezwa limekwisha kushindwa katika kazi hiyo, hata kama litabaki kuwa na thamani katika kamusi. Kinachopaswa kuandikwa daftarini ni kile mtu alichokisema mwenyewe alipokuwa akitafuta. Akisema, “Nataka kulipa, sijui nalipia wapi,” amekwisha kutoa neno la kitufe: “Lipia hapa”.

6.0 Mpaka wa Ushawishi

Haifai kudhani kwamba kila kinachoongeza utimizaji ni chema. Tovuti inaweza kumtisha mgeni kwa uongo kwamba nafasi zimebaki mbili tu, au kuficha ada ya ziada hadi hatua ya mwisho. Mgeni atalipa, lakini hatarudi.

Kwa Chala suala hili ni la uhai. Maji ya ziwa hili huvutia sana kwa picha, na picha ya maji humwalika mtu kuoga. Mnamo Machi 2002 msichana Mwingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea humo. Tovuti yoyote ya Chala isiyosema jambo hilo kwa uwazi, kwa kuhofia kupunguza maombi, imefaulu katika hesabu na kushindwa katika uungwana. Onyo liandikwe kwa kitenzi, lisiandikwe kwa nomino: “Usiogelee. Ziwa lina historia ya mamba” ni bora kuliko “Tahadhari za kiusalama” zilizofichwa chini ya kiungo. Nafasi yake ni kabla ya kitufe cha kulipia, kwa lugha zote ambazo tovuti inazitumia. Katika jaribio la watu watano, swali la mwisho linapaswa kuwa: “Je, inaruhusiwa kuogelea?” Asipojibu hata mmoja wao, ukurasa haujakamilika.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba matatizo mengi ya utumikaji katika tovuti ya mfano ni matatizo ya lugha: tahajia ya jina, tafsiri ya menyu, utata wa vitufe, hesabu ya saa, utambulisho wa fedha na upatanisho wa ngeli. Haya ni mambo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili amefunzwa kuyatambua, ilhali fundi wa kompyuta hakufunzwa. Kwa hiyo mwanafunzi huyo asisubiri kuitwa mwishoni ili atafsiri kilichokwisha kujengwa. Nafasi yake ni mwanzoni, wakati ukurasa ungali karatasini.

Aidha, inapendekezwa kwamba tasnifu na warsha za istilahi ziongeze hatua moja: kabla ya neno jipya kuidhinishwa, watu watano wasiolijua walitumie kutenda jambo halisi. Likifaulu, lipitishwe. Likishindwa, lirudishwe jikoni bila kinyongo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwongozaji aliyeketi ukingoni mwa Chala akingoja simu iite haponi kwa sababu tovuti yake imeandikwa Kiswahili. Anapona mgeni anapoielewa, anapokata tikiti, na anaporudi kwao salama.